Sekunde Moja na Nusu

Dereva wa lori la mahindi aliyeniletea habari hakujua kwamba ananiletea msiba. Alisimama mbele ya gereji yangu hapa Biharamulo, akashuka kukagua springi ya nyuma, kisha akauliza kama mimi ndiye Yustina, fundi pikipiki. Nikamwambia ni mimi. Akasema kule Burundi anakopeleka mzigo kulikuwa na fundi mmoja aitwaye Gaspari, na kila alipopita kwake aliagizwa salamu. "Alikuwa akiniambia, ukifika Biharamulo mtafute Yustina. Sikuwahi kuzifikisha, mama, nilikuwa nasahau. Safari hii nimekuta wamemzika Jumanne. Nikaona hii nisiisahau." Nikamshukuru, nikamtafutia kiti, nikamwagizia chai, tukazungumza habari za barabara kama watu ambao hawajaambiana kitu. Alipoondoka nilijaribu kurudi kwenye kabureta niliyokuwa nimeifungua, nikakuta mikono haitaki. Mafundi wangu wawili wakanitazama, wakaendelea na kazi zao bila kuniuliza. Nilikaa pale mpaka kivuli cha ukuta kikanifikia miguuni, na muda wote huo nilikuwa Kasulo, katika mwaka ule ambao nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sikujua hata plagi inatolewaje.

Nilikuwa karani. Shirika moja la misaada lilikuwa na gereji pale Kasulo, kando ya barabara iendayo kambi ya wakimbizi, na kazi yangu ilikuwa kujaza fomu: pikipiki ipi imeingia, imeharibika nini, imetoka lini. Ofisi yenyewe ilikuwa kontena la chuma lililokatwa madirisha mawili. Ilipofika saa sita mchana lilipata joto kiasi kwamba karatasi zilijikunja zenyewe mezani. Vumbi jekundu lilipita kila mahali, kwa hiyo kompyuta tuliifunika kwa kitenge cha zamani, na kila asubuhi kabla ya kuiwasha nilikikung'uta nje kama mtu anayekung'uta mkeka. Mle ndani ya kompyuta kulikuwa na gemu. Mgeni aliyekuwa mkuu wa usafiri aliliweka kabla ya kuhamishwa, akaondoka akaliacha. Lilikuwa gemu la mashindano ya pikipiki, zile pikipiki nyepesi za kuchanganya oili kwenye petroli. Halikuwa la mchezo mchezo. Ukiingia kona vibaya unaanguka, ukifungua mafuta mapema tairi la nyuma linakukimbia, na unaruhusiwa kubadilisha gia na springi kabla ya kuanza. Nililigundua nikiwa natafuta orodha ya spea. Tangu siku hiyo, jenereta ilipokuwa inawaka na wengine wakiwa wamekwenda kula, nilikaa na sahani ya ndizi na maharage pembeni ya kibodi nikaendesha.

Gaspari aliingia siku moja kuchukua fomu akakuta kelele zile. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye ndevu chache za kidevuni. Shirika lilimwombea kibali cha kutoka kambini kila siku kwa sababu hapakuwa na fundi mwingine wilayani aliyezijua injini za pikipiki zetu, nazo za kuchanganya oili, kama yeye. Nilidhani atanisema. Badala yake alivuta kreti la soda akaketi, akafumba macho. Hakuangalia skrini hata kidogo. Baada ya mizunguko miwili akasema, "Hiyo ni silinda nne. Umeingia kona na gia ya juu, inakabwa." Nikamuuliza amejuaje. "Si inasema yenyewe," akasema.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Pikipiki tulizozilinganisha zilikuwa mbili. Kubwa ilikuwa na ujazo wa mia tano na silinda nne, ndogo mia mbili na hamsini na silinda mbili. Kubwa ilikuwa mnyama asiyefaa kufugwa. Ukiwa na mwendo mdogo haina kitu, unafungua mafuta na haijibu, halafu sindano ya mizunguko ya injini ikifika katikati nguvu zote zinakuja kwa mara moja, na kama bado umelala kwenye kona inakutupa. Ndogo ilikuwa na tabia hiyo hiyo lakini kwa adabu. Kwenye sehemu iliyonyooka ilibaki nyuma sana. Kwenye kona uliweza kuingia nayo na mwendo wako wote na kutoka nao. Gaspari alinifundisha kusubiri. "Hizi zikifungwa mafuta hazikupunguzii mwendo kama injini zenye oili yake chini," alisema. "Zinateleza tu mbele, kama baiskeli. Breki ni mkono wako, rakini usiukaze kwa hasira." Alisema "rakini", kama wengi wetu kule, na hadi leo nikimkumbuka sauti yake huja na neno hilo. Akaniletea daftari la mistari, akasema nichore safu mbili, ya kubwa na ya ndogo, niandike muda wa kila mzunguko pamoja na gia nilizoweka. "Usiandike unavyofikiri. Andika ilivyokwenda."

Baada ya majuma machache alianza kunipeleka bandani walikofungulia pikipiki, kunionyesha kwa chuma kile nilichokuwa nimekigusa kwa vidole tu kwenye kibodi. Alinipa silinda mkononi nikaona haina vali, ina matundu ubavuni, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafungua na kuyafunga. Nilisikia siku moja mafundi wakisemezana na Mzee Hamisi, msimamizi wetu, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa mjini Biharamulo ambao asili yao ni pwani. Alikuwa akila chapati yake nyuma ya kontena, na ukuta wa chuma ulipitisha kila neno. "Yule binti wa fomu anashinda bandani," mmoja alisema. Mzee Hamisi akatafuna kwanza. "Mwacheni. Ana mkono." "Lakini ni msichana, mzee." "Pikipiki imelalamika?" Nilirudi kwenye fomu zangu nikashindwa kusoma hata mstari mmoja. Sikuwa nimewahi kusikia mtu akisema nina kitu.

Gaspari aliishi na mama yake, Bibi Mariya, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa turubai. Jumapili moja baada ya misa alinialika. Yule bibi alizungumza Kirundi tu, nami nikamjibu kwa Kihangaza, lugha ya kwetu, na tukaelewana vizuri kama watu wa kata moja. Ndani kulikuwa na giza la kupendeza na harufu ya moshi. Alitupikia mbaazi za manjano za mgao, ambazo kila mtu kambini alizichukia, lakini yeye alizikaanga na vitunguu na majani ya maboga mpaka zikalika. Kabla ya kula alisali. Aliwataja marehemu wake mmoja mmoja: mume, wazazi, dada, watoto wa dada. Alipomaliza nilimwuliza, kwa kutojua, kama Gaspari alizaliwa peke yake. Gaspari akainamisha kichwa. "Walikuwa wawili," alisema bibi. "Mdogo alijiua mwenyewe kwa pombe. Alipanda pikipiki amelewa, mbele ya watu wote. Huyo simtaji. Mungu anajua alipo." Akanipakulia tena. Nilikula bila kuinua macho, nikisikia kijiko cha Gaspari kimesimama kwenye sahani.

Ukweli niliujua kijijini Nyamahanga. Pikipiki ya muuguzi mmoja ilikuwa imezimika ghafla huko mashambani, tukapelekwa na pikapu kuifuata. Gaspari aliifungua palepale chini ya mti wa mpera, akatoa pistoni, nami nikaona imechanika ubavu kama kitu kilichokwaruzwa na paka. Mtu alikuwa ameweka petroli tupu bila oili. Gaspari aliishika ile pistoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ya Emanueli ilikuwa hivi," alisema. Emanueli ndiye mdogo wake. Kwao, kabla ya vita kuwafukuza, vijana wa mjini walikuwa na mashindano ya pikipiki siku za sikukuu, na Emanueli alikuwa na ndogo wakati wenzake watatu wana kubwa. Alimwomba kaka yake aiongezee mwendo. Gaspari akaifungua kabureta, akaweka jeti ya kupitishia petroli yenye tundu dogo zaidi, ili petroli ipungue na injini iwake kwa ukali. Lakini katika pikipiki zile oili husafiri ndani ya petroli. Ukipunguza moja umepunguza na nyingine. "Mizunguko mitatu ilikwenda kama upepo," alisema. "Wa nne pistoni ikapata moto, ikaikamata silinda, tairi la nyuma likafunga. Alirushwa kwenye ukingo wa daraja." Watu wakasema alikuwa amekunywa, kwa sababu alianguka pasipo kona wala mtu wa kumgonga. "Mimi ndiye niliyeifungua ile injini baadaye. Niliiona. Nikaifunga tena, nikanyamaza." Aliniambia huo ulikuwa mwaka wa sita tangu anyamaze. Kisha akaniuliza jambo ambalo sasa najua ndilo lililomfanya akae kwenye kreti la soda tangu siku ya kwanza. "Ile ndogo ya kwenye kompyuta, ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani, inaweza kuishinda kubwa?"

Nilifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Tulichagua njia fupi yenye kona nyingi, iliyofanana zaidi na ile ya kwao, na kila siku niliendesha mizunguko kumi ya kubwa na kumi ya ndogo. Nilibadilisha gia, nilikaza springi, nililegeza. Nilijifunza kuingia kona kali bila kugusa breki kabisa. Ndogo ilipanda na kupanda, ikaikaribia kubwa, halafu ikasimama. Ilibaki sekunde moja na nusu, na sekunde moja na nusu hiyo haikutaka kwisha. Gaspari alisoma daftari kila jioni kabla ya kurudi kambini, akalirudisha mezani, akaweka kalamu juu yake. Mimi, kwa akili yangu ya miaka ishirini, niliamini najua anachokitaka. Niliamini anataka ndogo ishinde, ili aweze kusema mdogo wake alikuwa na nafasi, alikuwa mpandaji mzuri, pikipiki yake ilitosha. Sikufikiri zaidi ya hapo. Ndipo tukaambiwa kompyuta inahamishiwa ofisi nyingine, itachukuliwa Ijumaa. Ijumaa hiyo Gaspari alikuwa kijiji cha Bukiriro kwenye gari lililokwama. Niliendesha peke yangu tangu jenereta ilipowashwa, sikula, nikiwasikia wapakiaji wakisogeza makreti nje. Mzunguko wa mwisho ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kuendesha, na bado ndogo ilishindwa, kwa sekunde moja na nusu ile ile. Wapakiaji wakabisha mlango. Nikachukua kalamu, na kwenye safu ya ndogo nikaandika muda mfupi kuliko wa kubwa kwa sekunde nzima. Nikaifunga kompyuta kwa kitenge chake, wakaibeba.

Gaspari alirudi saa kumi, matope mpaka magotini. Nilimpa daftari nikitabasamu. Alisoma akiwa amesimama, akarudia kusoma, kisha akavuta lile kreti akaketi. "Kwa hiyo haikuhitaji kuguswa," alisema. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilichelewa. Muda wote huo alikuwa na kitu kimoja cha kushikilia, kwamba bila mkono wake Emanueli asingekuwa na njia yoyote ya kushinda, nami nilikuwa nimemnyang'anya. Aliweka daftari mezani taratibu, akanawa mikono kwenye ndoo, akaondoka kuelekea kambini. Kesho yake hakuja. Wala Jumatatu. Mzee Hamisi akaniuliza kama ni mgonjwa, nikasema sijui, na kusema sijui kukanichoma kuliko uongo wenyewe.

Jumanne niliomba ruhusa nikaenda kwa miguu. Nilimkuta Gaspari nje ya nyumba akipuliza moto chini ya sufuria ya maharage, kazi ambayo mama yake hakuwa amewahi kumwachia. Bibi Mariya alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, amempa mgongo. Nilimsalimu. Akaniitikia, akanionyesha pa kukaa.

"Amekwambia?" aliniuliza.

"Ameniambia nini, bibi?"

"Kwamba mwanangu hakuwa amelewa. Kwamba ni yeye aliyeiharibu pikipiki. Ameniambia juzi. Miaka sita amenisikia nikisema mdogo wake ni mlevi, anakula chakula changu na kunyamaza."

Nikaona nikikaa kimya tena sitasema kamwe. Nikamgeukia Gaspari, nikamwambia kila kitu: kwamba ule muda niliutunga, kwamba ndogo haikuwahi kuishinda kubwa hata siku moja, kwamba nilifikiri nampa faraja. Hakukasirika. Aliendelea kushika kijiti alichokuwa anachokorea moto.

"Ilishindwa kwa kiasi gani?"

"Sekunde moja na nusu. Kila siku ni hiyo hiyo."

Akafikiri. "Ungeniandikia hivyo, nisingemwambia mama," alisema. "Ningejisemea, unaona, ilibidi niiguse. Ningekaa na hilo mpaka nife."

Bibi Mariya alikuwa anasikia. Tulizungumza Kiswahili, na nilidhani hakifahamu, kumbe kwa miaka ya foleni za mgao alikuwa amekiokota cha kutosha. Alisema kwa Kirundi, bila kugeuka, "Basi ningekufa nikimwita mwanangu mlevi." Akainuka, akaepua sufuria, akapakua sahani mbili, yangu na yake. Ya Gaspari hakupakua. Tulikula, naye akakaa pale na kijiti chake. Nilipoaga bibi aliniambia Jumapili atalipeleka jina la Emanueli kanisani lisomwe pamoja na marehemu wengine, na akanitaka niwepo.

Nilikuwepo. Lilisomwa katikati ya majina mengine mengi, na msomaji akalitamka haraka kama alivyotamka yote. Bibi Mariya alisimama. Watu hawakusimama kwa majina, lakini yeye alisimama, peke yake katika kanisa zima la maturubai, mpaka orodha ikaisha. Gaspari alikuwa upande wa wanaume. Mama yake hakumtazama wakati wa kutoka. Aliacha kuzungumza naye kabisa. Alimpikia, alimfulia, alimpokelea mgao wake alipokuwa kazini, lakini neno hakumpa. Alichotaka kumwambia alimwambia jirani, na jirani akamwambia yeye.

Wapo niliowasimulia habari hizi ambao huniambia uongo wangu ulileta heri. Sijawahi kukubali, na sijawahi kukataa. Niliona jina likisomwa, na niliona pia mtu mzima akirudi kila jioni kwenye nyumba isiyomsemesha, na vyote viwili nilivianzisha kwa kalamu moja. Gaspari mwenyewe hakurudi kuniamini kwa siku moja. Alirudi kazini, akaendelea kunifundisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutimiza, lakini kila nilichopima alikipima tena. Nikisema mwanya wa plagi ni sawa, anachukua kipimo. Nikisema nimechanganya oili kikombe kimoja, ananusa dumu, anatikisa, anatazama rangi. Hakunisema kamwe. Alipima tu, mbele yangu, na mimi nikasimama pembeni uso unawaka. Ilikwenda hivyo miezi mitano. Siku niliyomwambia kabureta ya pikipiki ya mwalimu iko tayari, naye akaipanda akaondoka kwenda kuijaribu bila kuifungua, niliingia bandani nikajifanya natafuta spana ili Mzee Hamisi asinione.

Mwishoni mwa mwaka ule safari za kurudi Burundi zilianza kuandikishwa, na Bibi Mariya alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuweka dole gumba lake. Gaspari alijiandikisha nyuma yake bila kumwuliza. Asubuhi ya safari nilifika kambini mapema na Mzee Hamisi, aliyekuja na mfuko wa chapati alizopika mkewe. Malori yalikuwa yamepangwa kwenye barabara nyekundu, watu wamekaa juu ya magodoro na masufuria, kuku wamefungwa miguu. Bibi Mariya alikuwa tayari juu, ameegemea turubai lao lililokunjwa. Nilipanda kwenye tairi nikamshika mkono, akaushika wangu kwa mikono yake yote miwili, akaniambia nitunze afya. Gaspari alikuwa bado chini. Alimwamkia Mzee Hamisi kwa "shikamoo" ndefu, akamuaga, akanigeukia mimi, akanipa kipimo chake cha mwanya wa plagi kilichokuwa kimefungwa kwenye kitambaa. Halafu akabaki amesimama tu, mikono mitupu, dereva ameshawasha injini, kana kwamba hajui kama lile lori ni lake.

Mama yake aliinama juu ya ubao wa ubavuni. Alimtazama kitambo, akasogeza sufuria moja ili pawe na nafasi.

"Gaspari," alisema. "Panda. Utaachwa."

Akapanda.